Ng'ombe Aliyeitwa Bibie

Watu walisema mama mdogo alimchukia yule ng'ombe, kwa sababu siku alipokufa hakutoa hata chozi. Si kweli. Nilikuwa naingia na kutoka nyumbani kwake kila siku, najua alichokichukia. Alichukia jina. Siku mumewe alipomshusha ng'ombe kutoka kwenye gari la rafiki yake, alimpapasa shingo mbele ya majirani akasema, "Karibu nyumbani, Bibie." Mama mdogo alikuwa mlangoni, ufagio mkononi. Katika ndoa yao yote aliitwa mama watoto, aliitwa wewe, na akiwa mbali alipigiwa mluzi. Bibie hakuitwa hata siku moja.

Baba mdogo alikuwa dereva wa malori makubwa. Wenzake walimwita Tani Thelathini, na jina likamfuata hadi nyumbani. Maisha yake yalikuwa kuja, kulala, kubadilisha nguo na kuondoka. Watoto walimjua kwa honi kabla hawajamjua kwa sura. Mama mdogo alizaa mara nne, na mara zote nne mumewe alikuwa njiani. Wa tatu, mtoto wa kiume, hakumaliza wiki. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, ndiye aliyemwosha yule mtoto na ndiye aliyetafuta watu wa kuchimba kaburi. Baba yake alifika udongo umeshakauka. Alikula, akalala, na asubuhi akauliza kama shati lake la bluu limepigwa pasi. Mama mdogo alilipiga pasi huku maziwa yakimtoka na kulowesha gauni mpaka kiunoni, na hakuna wa kuyanyonya.

Alipostaafu, mgongo umegoma na watoto wametawanyika, Tani Thelathini hakujua afanye nini na mikono yake. Akajenga banda. Lilikuwa banda la kuonea fahari: sakafu ya saruji, mtaro wa kutoa mkojo, hori la mbao zilizopigwa randa, bati jipya linalong'aa. Jiko la mama mdogo, hatua chache kutoka hapo, lilikuwa na sakafu ya udongo, na bati lake lilivuja mahali ambapo sisi sote tulijua tuweke beseni.

"Mvua zikizidi nitahamia kwa Bibie," mama mdogo aliniambia. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ng'ombe alikuja na mimba changa, akitoa maziwa kidogo ya kumalizia uzao uliopita. Baba mdogo alimpenda, hilo siwezi kumnyima. Asubuhi ndoo ya pumba, jioni ndoo ya pumba, mashudu juu yake, na molasi ya kutia ladha. Alimsugua kwa brashi. Alimsimulia habari za barabarani, milima aliyopanda na breki zilizowahi kumkatikia, mambo ambayo mama mdogo alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza kupitia dirisha la jikoni. Miezi ikapita, maziwa yakakaushwa ili ng'ombe apumzike kabla ya kuzaa, lakini ndoo za pumba hazikupungua. Zaidi ya hapo, ikaanza habari ya kumpikia ng'ombe uji. Siku moja nilimkuta baba mdogo ameingia jikoni anatoa sufuria kubwa.

"Hiyo ni ya chakula cha watu," mama mdogo akamwambia.

"Na huyu si wa nyumbani? Ana mimba, anakula kwa ajili ya wawili."

Mama mdogo alimtazama muda mrefu. Kisha akamwaga maji yaliyokuwa ndani ya sufuria, akampa.

Ng'ombe akanenepa mpaka watu wakawa wanapita makusudi kumtazama. Mgongo ukawa bapa kama meza, na pembeni mwa mkia yakaota mafungu ya mafuta unayoweza kuyashika kwa mkono. Mwenye duka la jirani alisema, "Huyu si ng'ombe, ni pipa," na baba mdogo akalibeba neno hilo kama nishani.

Daktari wa mifugo wa eneo letu, mwanamke kijana mwenye pikipiki, alipita siku ambayo baba mdogo alikuwa ameenda kusagisha. Aliingia bandani, akapitisha kiganja ubavuni mwa ng'ombe, akabonyeza.

"Mama, mbavu za huyu sizipati. Anakula nini?"

Mama mdogo akamweleza. Daktari akatikisa kichwa, akatueleza taratibu, akiwa ameegemea hori. Alisema ng'ombe aliyekaushwa hapewi chakula cha anayekamuliwa. Apewe nyasi kavu nyingi, zimjaze tumbo bila kumnenepesha, na pumba kidogo tu siku za mwisho ili tumbo lizoee. Akizaa, maziwa yatadai nguvu kuliko anachoweza kula, na hapo kila ng'ombe huanza kula akiba ya mwili wake. Mwenye mwili wa kawaida anavuka. Lakini aliyenona, hamu ya kula humtoka mapema, mafuta yake huyeyuka kwa pupa, na ini haliwezi kuyamaliza. Yanajazana humo.

"Anakuwa na njaa katikati ya shibe," alisema. "Huyu ameshachelewa kukondeshwa, na kumkatia chakula ghafla sasa ni hatari vilevile. Ila mpunguzieni pole pole. Na akizaa niiteni siku hiyo hiyo, msingoje augue."

Baba mdogo aliporudi, mama mdogo alimweleza yote, neno kwa neno. Nilikuwepo, nilikuwa nachambua maharage.

"Huyo binti amezaa lini hata ajue mambo ya kuzaa?" akauliza.

"Mimi nimezaa," mama mdogo akasema.

Baba mdogo akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia jibu la mtoto. "Na ulikufa? Nionyeshe aliyewahi kufa kwa kushiba. Wanaona wivu tu. Wewe niachie ng'ombe wangu."

Jioni ile alimwongezea Bibie kopo la mashudu.

Tulipobaki wawili nilimwambia mama mdogo ajaribu tena, labda akimkuta ametulia. Aliendelea kukuna nazi bila kuinua macho. "Nimemwambia mara moja. Mara ya pili ni kubembeleza, mwanangu, na mimi kubembeleza nilishamaliza zamani."

Ng'ombe alizaa asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Baba mdogo alipiga magoti kwenye saruji na mgongo wake ule mbovu, akavuta pale ilipobidi kuvuta, akafungua pua ya ndama kwa vidole vyake, akamkausha kwa taulo lake la kuogea. Alikuwa analia na kucheka. "Jike," alikuwa akituambia, "ni jike." Majirani walijaa uani. Nilimtafuta mama mdogo kwa macho nikamwona amesimama mlangoni mwa jiko, mikono ameifunga kifuani, anamwangalia mume wake ambaye kumbe anajua kumpokea mtoto.

Daktari hakuitwa. Baba mdogo alisema mambo yamekwenda salama, wa nini tena.

Siku za kwanza maziwa yalikuwa mengi hata tukagawia watu. Kisha Bibie akaanza kususia pumba. Alizinusa na kugeuza kichwa, akawa anadokoa nyasi kavu za matandiko. Baba mdogo akabadilisha pumba, akidhani zimevunda. Akaongeza molasi. Akamlisha kwa kiganja, akimsihi kwa sauti ya chini. Ng'ombe alikuwa anakwisha mbele ya macho yetu. Ule mgongo bapa ukaota uti, nyonga zikachomoza, na bado matiti yalikuwa yanatoa, yanatoa, kama mtu anayelipa asichonacho. Hakuwa anacheua tena. Mavi yakawa makavu na machache. Ukisogea karibu na mdomo wake ulisikia harufu tamu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi.

"Jicho la watu hili," baba mdogo alisema. Akafunga mlango wa banda kwa gunia, wapita njia wasimwone.

Mama mdogo ndiye aliyempigia daktari. Hakuomba ruhusa. Daktari alikuja na chupa za maji ya sukari, akamwekea dripu shingoni, akamnywesha dawa tamu nzito kwa chupa, akarudi kesho yake na keshokutwa akafanya vilevile. Kila siku uso wake ulikuwa umekunjamana zaidi.

"Sema kweli, daktari," baba mdogo akamwambia. "Nimemkosesha nini huyu? Hakuna alichokosa."

"Ndiyo shida yenyewe, mzee. Ini lake limejaa mafuta. Nilishaeleza." Akamgeukia mama mdogo. "Mama, hukumwambia?"

Baba mdogo alikuwa ameshika sikio la ng'ombe, analipapasa kwa kidole gumba. Angeweza kukanusha. Badala yake alisema, akiitazama sakafu, "Aliniambia."

Bibie alilala chini adhuhuri moja na hakuinuka. Jua lilipoinama alikuwa amekwisha. Baba mdogo aliketi kwenye saruji akaweka kichwa cha ng'ombe mapajani mwake, kizito vile, akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakiruka. Sikuwahi kumwona mwanamume wa umri wake akilia hivyo, na sikujua nitazame wapi.

Majirani walikuja kumpa pole. Walikaa uani kwenye viti na madumu, wakasema maneno yanayosemwa: mali ni majaliwa, atapata mwingine. Mama mdogo aliwapikia chai. Alikuwa mpole, alikumbuka nani hatumii sukari. Walipoondoka akamwekea mumewe chakula. Mumewe akasukuma sahani.

"Sina hamu," akasema. "Mtu amefiwa, utamwekea wali?"

Mama mdogo alikuwa anakusanya vikombe. Akasimama navyo. "Umefiwa," akasema. "Ni mara ya pili. Ya kwanza hukuwepo."

"Ya kwanza ipi?"

Aliuliza kwa moyo mweupe. Hilo ndilo lililotisha. Mama mdogo aliviweka vikombe mezani kimoja kimoja, bila kuvigonganisha, akachukua ndoo ya ndama, akatoka.

Baba mdogo akanigeukia mimi. "Mama mdogo wako anasema nini?"

"Mtoto wa tatu, baba mdogo."

Nilimwona akihesabu. Yule mkubwa, anayemfuata, halafu binti wa mwisho. Midomo yake ilikuwa inasogea. Kisha ikasimama.

"Ah," akasema. "Yule."

Akaivuta sahani, akala vijiko kadhaa. Mpaka leo sijui kama alikula kwa njaa au kwa kukosa la kufanya.

Baada ya siku hizo mama mdogo alihamishia nguo zake chumba kilichokuwa cha watoto. Hakugomba wala hakuita wazee wa kuwasuluhisha. Alisema mgongo wa mumewe unataka nafasi. Baba mdogo hakukanyaga tena bandani. Alikaa barazani, akawasimulia wageni habari za Bibie, maziwa yake, unene wake, na wale waliomtupia jicho. Neno la daktari hakulitaja kabisa.

Ndama alilelewa na mama mdogo. Alipokuwa mtamba mkubwa akapandishwa, na miezi ya mwisho ya mimba mama mdogo alimpa nyasi kavu na maji, chumvi kidogo, pumba za kupimwa kwa kopo. Majirani walimwita mchoyo. Mtamba alizaa, akasimama, akageukia hori akala. Alikula siku hiyo na siku zilizofuata, na maziwa yakaja polepole, yakakaa.

Jioni moja nilikuwa uani namsaidia kuosha makopo. Baba mdogo alitoka barazani akiburuta mguu, akasimama mbele yetu. Nadhani alikuwa amejiandaa muda mrefu, maana alivaa shati safi.

"Mama watoto," akasema. "Nisamehe. Ulinionya, sikusikia. Nisamehe lile jambo la ng'ombe."

Mama mdogo alisuuza kopo, akalipindua lichuruzike.

"La ng'ombe nimekusamehe," akasema.

Baba mdogo alingoja. Alingoja mpaka ikawa aibu kwetu sote watatu. Kisha akasema asante, akarudi barazani, na sisi tukamaliza makopo yaliyobaki.