Friwili Tatu Ndani ya Ndoo

Friwili ya kwanza shemeji yangu aliitumbukiza kwenye ndoo yangu ya kulowekea nguo siku ya Jumatatu, nami nikadhani imemponyoka. Mtu aliyepata kiharusi halaumiwi akiangusha kitu. Nikaiopoa, nikaifuta, nikamrudishia mume wangu mezani kwake. Ya pili, mpya kabisa, bado ina grisi ya kiwandani, aliitupa Jumanne, na safari hiyo nilimwona akilenga. Alilenga kwa mkono wa kushoto na akapata. Povu liliruka mpaka kwenye gauni la mteja.

Chumba chetu cha mbele ni karakana ya mume wangu upande mmoja, na cherehani yangu upande wa pili. Katikati kuna mstari wa chaki nilioupiga mwenyewe, kwa sababu grisi haina adabu. Mume wangu anatengeneza baiskeli, mimi ninashona, na kwa miaka mingi ugomvi wetu mkubwa ulikuwa huo mstari. Kisha akaja kaka yake mkubwa.

Ujanani shemeji alikuwa akishindana mbio za baiskeli, wakamwita Nyigu kwa ajili ya fulana yake ya njano yenye mistari myeusi, na kwa kile kiuno ambacho sisi wanawake tulikionea wivu. Mbio zilipokwisha akawa msoma mita za maji. Miaka thelathini alizunguka nyumba kwa nyumba kwa baiskeli, akijua mbwa wa kila lango na mama wa kila bomba linalovuja. Mkewe alifariki, watoto hawakujaliwa. Mwaka jana kiharusi kikamshika upande wa kulia, mguu na mkono, na kikaondoka na maneno yake yote. Zikabaki sauti tu. Kulia kwake na kucheka kwake vilifanana mno, hata ukimkuta machozi yanamtoka hukujua umbembeleze au ucheke naye. Mara mbili mimi nilicheka, na mara zote mbili sijui mpaka leo kama nilikosea.

Mwezi wa saba wa ugonjwa alinyoosha kidole juu ya mlango, ilipotundikwa fremu ya baiskeli yake ya mashindano. Mume wangu alifurahi kama mtoto. Aliishusha, akaisugua kutu, akafunga magurudumu membamba, gia, breki mbili, cheni mpya. Akamketisha kaka yake kwenye stuli mbele yake. Nyigu akalizungusha gurudumu la nyuma, akasikiliza ile tiktiktik ya friwili, kile kidude cha meno kinachoacha gurudumu lizunguke hata pedali zikitulia, akatikisa kichwa. Kisha akaonyesha friwili, akapunga mkono: ondoa.

Mume wangu akaelewa kwamba friwili ni mbovu. Fundi mwingine yeyote angeelewa hivyo hivyo. Akaleta nyingine, ikaenda kwenye ndoo. Akaleta ya pili, ndoo. Jumatano akaleta ile anayoificha kwenye kopo kwa ajili ya wateja wanaojua vitu, laini hata tiktiktik yake unaisikia kwa taabu. Hiyo nayo ikazama, na mume wangu akaketi sakafuni, upande wangu wa chaki, nami sikuwa na moyo wa kumfukuza.

"Kaka," akasema, "unanitaka nini?"

Nyigu akajipiga goti la kulia, akatoa ile sauti yake. Tukatazamana, mimi na mume wangu, kila mmoja akimngoja mwenzake aeleze.

Kosa la mume wangu ni kwamba jioni ile alimsimulia dada yao mkubwa kwa simu habari za friwili. Dada ni mkuu wa shule mstaafu, mtu mwema, lakini ana tabia ya kupanga watu kama anavyopanga viti. Tangu mwanzo alikuwa amesema: mwili ukigoma, kaeni naye, akili ikiruka, namchukua mimi. Kwake kuna chumba cha nyuma, kitanda kizuri, na mtu wa kumwogesha. Ataoga, atakula, atalala. Sasa akauliza maswali matatu, akajibiwa, akasema atakuja Jumamosi na gari.

Mume wangu alikata simu akasema labda ndivyo ilivyo, labda kichwa cha kaka kimeguswa. Nilikasirika, na sikujua ninamkasirikia nani. Nilimpenda shemeji. Sikutaka akalale kwenye chumba cha nyuma mpaka mwisho wake. Lakini mtu anayetupa friwili nzima kwenye sabuni unamtetea kwa lipi? Akili ni nywele, kila mtu ana zake, nikamwambia mume wangu, ila nilisema kwa kukosa la kusema.

Alhamisi nilikwenda kumpima mteja nyumbani kwake. Niliporudi nilimkuta Nyigu ameketi kwenye kiti changu, kwenye cherehani yangu, na uzi umejisokota chini ya sindano mpaka nguo imeganda. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, na ukilizungusha gurudumu lake kinyume linakata uzi. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii shemeji mkubwa, mgonjwa, mjane. Nikamwambia hata dada asichelewe kuja kumchukua.

Hakuacha. Aliendelea kuzungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto, polepole, akinitazama. Ndipo nikaangalia chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya pedali ya cherehani, ameufunga hapo kwa mkanda wa suruali yake. Gurudumu likizunguka, pedali inapanda na mguu unapanda. Pedali inashuka na mguu unashuka. Mguu ule ule ambao kwa miezi saba nimeuinua mimi kuutia kwenye beseni, mzito kama gunia. Akaonyesha pedali. Akaonyesha baiskeli ng'ambo ya mstari. Akaonyesha friwili, akapunga mkono: ondoa.

Nilisimama na utepe wa kupimia shingoni, nikaona aibu imenijaa mpaka masikioni. Nikamwita mume wangu.

Alitazama mara tatu. "Anataka pedali zishikane na gurudumu," akasema. "Gurudumu likienda, ziende. Lakini hiyo ni hitilafu. Watu wananiletea friwili zilizokwama, pedali zinawapiga miguu, wananilipa niziachanishe. Sasa nitengeneze ugonjwa?"

"Tengeneza," nikamwambia.

Ijumaa ilikuwa siku ya ajabu karakanani. Nilimwona mume wangu akivua gia zote za baiskeli nzima, nyaya zake, vishikio vyake, akiviweka kando kwa huruma. Friwili kuukuu aliipeleka kwa mchomeleaji ikachomelewa isizunguke tena peke yake. Yule mchomeleaji alimuuliza mara mbili kama ana hakika, naye akajibu hana. Akaibana kwenye gurudumu kwa ringi ya chuma ili isifunguke pedali zikikandamizwa kinyume. Akafupisha cheni, akavuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikakaza. Breki akaacha ya mbele, mkono wake upande wa kushoto. Mimi nikashona mkanda wa turubai wa kufungia mguu wa kulia. Kila baada ya muda alisimama, anaizungusha pedali, anaiona inazungusha gurudumu na gurudumu linaizungusha pedali, anakuna kichwa. Nyigu aliketi akitazama, macho yamemlowa, na hatukujua ni kwa lipi.

Dada alifika Jumamosi asubuhi na gari, akakuta tuko nje kwenye kichochoro, Nyigu juu ya baiskeli na mume wangu ameshika tandiko kwa nyuma. Alisalimia, akasimama na mkoba wake mkononi, akasema tumalize mchezo wetu.

Mume wangu akasukuma. Mguu wa kulia ukapanda, ukashuka, ukapanda. Hatua kumi, baiskeli ikasimama ghafla. Mume wangu akachuchumaa, akashika cheni, ringi, breki. Hakuna kinachogusa. Akasukuma tena. Hatua kumi nyingine, ikasimama tena.

"Umeona," dada akasema taratibu. "Hata chombo chenyewe hakifai. Twende, mdogo wangu, ukapumzike."

Mume wangu alinigeukia, uso umemvurugika. "Sijui," akasema. "Hakuna kilichokwama. Nimekagua kila kitu."

Akasukuma mara ya tatu, na mimi nikatembea ubavuni nimeinama, jicho kwenye pedali ya kulia. Ilipokuwa inapanda, niliona suruali ikikaza kwenye shavu la mguu. Mguu ulikuwa unaikandamiza pedali isipande. Baiskeli ikasimama.

"Anaisimamisha yeye," nikasema.

"Kwa mguu upi?" dada akadakia.

"Wa kulia."

Dada alikuja, akavaa miwani, akainama kwenye vumbi na sketi yake nzuri, akaweka kiganja kwenye ule mguu. Akamwambia mume wangu asukume. Alitembea ameinama hivyo hivyo hatua kumi, na baiskeli iliposimama alibaki ameushika.

"Sasa kwa nini anaisimamisha?" mume wangu akauliza. "Si alitaka iende?"

Nyigu alikuwa amegeuza shingo. Alikuwa anatazama mkono uliokuwa kwenye tandiko. Mume wangu akautazama na yeye.

"Nikikuachia utaanguka, kaka."

Nyigu hakuondoa macho. Nilitaka kusema kitu na sikujua niseme achia au niseme shika. Mume wangu alisukuma tena, hatua tano, sita, nane, halafu akafungua vidole.

Baiskeli iliyumba kushoto, ikarudi, ikaenda. Ilipita gari la dada, ikapita lango la jirani, ikafika pale kichochoro kinapogawanyika, ikakata kona.

"Anakwenda wapi?" dada akauliza.

Hakuna aliyejua. Kwa miezi saba hakuwa amekwenda mahali ambapo hatukumpeleka sisi.