Kioo Kidogo Alichokitoa Fundi Baltazar

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Katesh. Upepo unaoshuka kutoka mlimani unakata masikio. Baltazar Bura amepiga goti kwenye msingi wa nyumba ya vyumba vitatu, mkononi ameshika ncha ya mpira mwembamba uliojaa maji. Anasoma usawa kwa jicho la kulia. La kushoto amelifumba kwa sababu linamvuruga.

"Nikilifungua kuna doa jeusi hapa katikati," anasema. "Pembeni naona vizuri tu."

Fundi huyu mwenye miaka 41, mzaliwa wa Mbulu na baba wa watoto wanne, alikuwa ameshaachana na mpira wa maji. Miaka miwili iliyopita, wakati Katesh kulikuwa na nyumba nyingi za kujenga upya baada ya maporomoko ya tope, alinunua leza ya kupimia usawa, yenye mwanga wa kijani, iliyokwishatumika. Malipo yake yakapanda kutoka Sh20,000 kwa siku hadi Sh35,000.

Shida ilikuwa hali ya hewa. Jua likishakolea, nukta ya kijani haionekani ukutani, kwa hiyo ilimbidi apime mapema. Asubuhi na mapema nayo, kwenye baridi ya Juni, leza inagoma kuwaka.

"Nilikuwa naiweka kwapani kama kifaranga," anasema na kucheka. "Ikipata joto, inawaka."

Kama angeishia hapo kwapani, habari hii isingeandikwa. Lakini Baltazar hawezi kukaa na kitu bila kukifungua. Aliifungua leza, akakuta mdomoni mwake kipande cha kioo chenye rangi ya bluu hafifu, kidogo kuliko kifungo cha shati. Akaona kinazuia mwanga, akakitoa, akakitupa. Nukta ikaonekana kali zaidi kidogo. Mafundi wenzake wanne walipoiona wakamletea leza zao. Aliwatengenezea bure, tena kwa majivuno.

Asubuhi moja ya Julai mwaka jana alikuwa Balangdalalu, akimjengea nyumba Konsolata, mwalimu wa fizikia. Aliwasha leza, hakuona kitu. Akaigeuza, akachungulia ndani kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua tochi iliyoishiwa betri. Haikuuma. Kabla ya saa nne doa lilikuwa limeshatokea.

Mwalimu Konsolata alipoelezwa alishika kichwa.

"Leza ya aina ile haizalishi kijani moja kwa moja," anafafanua. "Kwanza inatoa mwanga ambao macho hayauoni. Mwanga huo unapita kwenye fuwele, kajiwe kang'avu kadogo kuliko punje ya mchele. Ukiwa mkali vya kutosha, fuwele inaunganisha chembe mbili za mwanga, inatoka moja yenye nguvu maradufu. Hiyo ndiyo kijani. Mwanga wa tochi hauwezi, ni dhaifu mno."

Lakini si mwanga wote unaogeuka. Unaobaki huzuiwa na kile kioo cha bluu. Baridi ikizidi, ugeuzaji huo unavurugika: kijani kinapotea, na ule usioonekana unaendelea kutoka. Jicho halijikingi kwa sababu halijaona kitu.

Mbinu hiyo hiyo ya fuwele hutumika kwenye hadubini za maabara, na kwenye mashine za hospitali zinazotibu macho kwa ndani. Baltazar alilisikia hilo kwa daktari aliyempima na kumwambia kovu lake halitaondoka.

"Nikamuuliza, kumbe iliyoniunguza na inayotibu ni ndugu? Akasema ndiyo."

Ukimuuliza kuhusu jicho lake anajibu haraka. Ukiuliza kuhusu wale wenzake wanne, anahangaika kwanza na kofia yake.

"Naona aibu," anasema. "Waliniamini."

Watatu aliwafuata nyumbani kwao mmoja mmoja, akawaambia, na leza zao zikapigwa nyundo mbele yake. Macho yao ni mazima. Wa nne, Festo, alihamia Singida kutafuta kazi akabadilisha na namba. Baltazar amehangaika kumtafuta tangu mwaka jana. Jana ndiyo mama yake Festo amempa namba mpya.

Baltazar anaweka mpira chini, anapiga simu na kufungua spika.

"Shikamoo, kaka Baltazar! Umepotea sana!"

"Marahaba. Festo, ile leza bado unayo?"

"Ninayo! Ndiyo inanilisha huku. Mafundi sita hapa saiti wana za kijani, wote nimewatolea kile kioo kama ulivyonifundisha. Ila leo kuna baridi, zimegoma kuwaka. Hapa wanazichungulia."

Baltazar anasimama.

"Waziweke chini! Festo, waambie wazizime, wasiangalie ndani! Sasa hivi!"

Upande wa pili zinasikika kelele za watu, kisha simu inakatika. Anapiga tena mara tatu, haipokelewi. Mpira wa maji anauacha palepale kwenye msingi na kuelekea barabarani kusubiri basi la Singida.

"Nikifika nitawaambia ni mimi niliyeanza," anasema bila kugeuka. "Wakitaka kunipiga, wanipige. Mungu asaidie tu nikute wote wananiona."