Lori la Jeshi Lililoshuka Mlimani Bila Dereva

Tulikuwa mezani, mimi na mke wangu Arlene, tunakula maharage na mkate wa mahindi, lori letu lilipojiwasha.

Narudia ili tuelewane. Lori. Lilijiwasha. Lenyewe.

Tukatazamana. Nyumba nzima ina watu wawili tu, na wote wawili tumeshika vijiko.

"Dewey," Arlene akasema polepole, "nani anamwendesha mke mwenzangu?"

Hilo ndilo jina alilolipa siku nilipolileta kutoka mnada wa jeshi. Lori la mizigo la kijani, magurudumu kumi, turubai limechanika, injini inayokunywa dizeli, na ukikosa dizeli unaipa hata mafuta yaliyokaangiwa viazi. Huku kwetu West Virginia, kwenye mabonde haya, wanaume wengi wanayo. Jeshi likiyachoka, sisi tunayaoa.

Na ni ndoa kweli. Leo umeziba mafuta yanapovuja, kesho yanavujia pembeni. Unapaka grisi huku, kule panalia. Nilikuwa nikilala sikio liko uani. Nikisikia tone tu, naamka nakwenda kuchungulia chini na tochi. Arlene alishazoea kuamka na kukuta upande wangu wa kitanda umepoa.

Sasa, majuma hayo breki ya mkono ilikuwa imekwisha kabisa. Kifaa kipya nilishaagiza, hakijafika. Kwa hiyo nikiegesha pale uani, penye mteremko, naliacha kwenye gia na gogo la mwaloni chini ya tairi, maana gia peke yake hushika kwa muda tu, halafu inaachia. Gogo zito, limekatwa vizuri. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kubeba kuni, injini bado ya moto.

Na mjue kitu kimoja. Injini ya namna hii haina shida na ufunguo. Ikiwa ya moto, ikiwa kwenye gia, magurudumu yakizunguka kidogo tu, imewaka. Imeondoka.

Nilitoka mbio na soksi.

Weee! Lori lilikuwa linateremka taratibu kabisa, kama mzee anayekwenda dukani kununua magazeti. Halina haraka. Likaukuta uzio, likaulaza. Likakuta bustani ya nyanya iliyokufa kwa baridi, likapita katikati.

Mbele yake ilikuwa nyumba ya Clovis Hager.

Kati ya watu wote wa bonde lile, Clovis! Mzee wa peke yake, mkewe alishafariki, mdomo kama msumeno. Alikuwa akisimama kibarazani kwake anapiga kelele: "Zima hilo kopo lako! Vita vimeisha!" Mwishowe akaniitia polisi. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Tukikutana barabarani, kila mtu anakagua miti ya upande wake.

"Clovis!" nikapiga kelele. "Toka ndani! Toka!"

Mlango wake haukufunguka.

Nikadandia ngazi ya lori. Mlango umegoma. Nikaingiza mkono dirishani natafuta kile kitufe cha kuvuta ili injini izime. Vidole vikagusa kila kitu isipokuwa chenyewe. Nikasikia mbao zinalia. Ukuta wa jikoni kwa Clovis ukaingia ndani kama kadibodi, na lori bado linasukuma, linasukuma tu, halina habari.

Nikakipata. Nikavuta. Injini ikafa.

Kilichobaki ni vumbi na sahani moja inayozunguka sakafuni.

Nikapenya kwenye lile tundu. Clovis alikuwa amelala kifudifudi karibu na jiko.

Nikasema hapa nimeua mtu.

"Arlene! Piga simu! Waite watu wa zimamoto!"

Nikamgeuza. Hana damu. Hana hata mchubuko. Uso mwekundu, pumzi ya kuhesabia. Na mimi mwenyewe kichwa kikaanza kuzunguka, miguu inalegea. Sikuelewa. Nikamshika makwapani, nikamburuta kupitia tundu lile lile hadi nje kwenye majani.

Arlene akaja anahema. Akamtazama Clovis, akatazama lori, akaweka mikono kichwani.

"Dewey, lile gogo..."

"Gogo gani?"

"La mwaloni. Kuni zilikuwa mbichi. Nikasema hili kavu, litawaka vizuri." Akanyoosha kidole kule juu, kwenye moshi wa jiko letu. "Nimelichoma. Nimepashia maharage."

Tulikaa pale kwenye baridi, nimeshika mkono wa mtu asiyenipenda, naomba asife.

Zimamoto walifika. Kijana wa jirani wa ng'ambo ya bonde, anaitwa Tolliver, anajitolea huko, akaingia ndani na kifaa kidogo cha kupimia hewa. Hakumaliza kuvuka kizingiti, kikaanza kulia kama mtoto aliyefinywa.

Akatoka anakimbia.

"Nani kavunja huu ukuta?"

Nikainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi. Yaani lori. Tolliver, naapa..."

"Hita yake imejaza nyumba hewa ya sumu, ile isiyo na harufu. Bomba lake la moshi limezibwa, ndege wamejenga kiota humo. Huyu mzee alikuwa chini kabla hujafika. Bila hilo tundu ungekuja kumzika."

Arlene akaanza kulia. Mimi nikaanza kucheka, halafu nikaona si kicheko.

Mji mzima ukazungumza. Mchungaji akaliombea lori kanisani. Watu wananipiga mabegani, "Dewey, umemwokoa mtu!" Nimemwokoaje? Nilikuwa nakula maharage.

Nikashindwa kukaa. Nikaenda hospitali. Nikazunguka maegesho kama mtu aliyepoteza gari, ndipo nikaingia.

Clovis alikuwa ameketi kitandani, mirija puani.

"Jiko langu," akasema.

"Nitalijenga, mzee. Lote. Mbao nitaleta mwenyewe."

"Kwa lori lile?"

"Ndilo nililonalo."

Halafu akasema kitu ambacho hadi leo kinanikosesha raha.

"Wiki nzima kichwa kilikuwa kinaniuma. Siku moja kabla ya haya nilikuja hadi kwenye uzio wako, nikuombe unipeleke kwa daktari. Nikaona miguu yako imetokeza chini ya lori. Nikasimama pale. Nikageuka nikarudi."

"Kwa nini hukuniita, Clovis?"

"Ningekuitaje?" Macho yake yalijaa. "Nilikuitia polisi."

Jiko lile tulilimaliza kabla theluji haijaanguka. Yeye alikaa kwenye kiti, anatukana kila msumari nilioukunja.

Ndugu msomaji, mimi sina hekima kubwa. Nina hili tu. Kama kuna mtu karibu yako mmenuniana, usisubiri awe wa kwanza, maana huenda ameshakuja, akasimama, akakosa neno la kuanzia. Nenda leo kabisa. Gonga mlango, tena kwa mkono wako.