Debe la Pembeni

Mama mkwe wangu, Rambhaben, ana nyati mmoja wa maziwa, na humwimbia kuliko alivyowahi kuwaimbia wanawe. Kila alfajiri hupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa na kuyamimina kwenye debe la pembeni, debe letu sisi Wadalit, watu wasioguswa. Jamnaba, bibi wa nyumba kubwa, ndiye aliyeshikilia litengwe, ati maziwa yetu yasije yakanajisi ya kwao. Ebo! Nyati wetu na wao si wanakula majani yaleyale?

Juzi Jamnaba alimwoza mjukuu wake. Mpishi aliletwa kutoka mjini, mtu asiyejua mambo yetu. Alifika kituoni, akaonja madebe yote mawili, akabeba lenye maziwa mazito.

Sisi tulikalishwa kando ya ua, na sahani tulizotoka nazo nyumbani. Basundi ilipoandaliwa, maziwa matamu yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito kama uji, Jamnaba akaita, "Mpishi, umenikosha! Maziwa ya wapi haya?"

"Ya lile debe la pembeni, bibi."

Jamnaba, aliyekuwa keshatia kijiko kingine kinywani, akaganda, mashavu yamejaa, macho yamemtoka. Mama mkwe alikuwa keshainuka, anacheka mpaka machozi.

"Meza, bibi, meza tu! Ukitema, wageni watauliza kuna nini!"

Jamnaba akameza.

Alfajiri iliyofuata, mama mkwe alilipita debe la pembeni kama halioni, akamimina maziwa yake kwenye debe kubwa, la kina Jamnaba. Waliomfuata kwenye foleni wakamimina ya kwao juu yake.