Mafuta ya Kondoo kwenye Diski Mpya

Sifa zote ni za Mungu, ambaye bado ananiamsha asubuhi na kunipa nguvu ya kutembea hadi kanisani.

Juzi nilipeleka gari langu gereji mjini Embu, diski za breki za mbele zibadilishwe. Zilikuwa zimelika hadi zikafanya ukingo kama wa sahani. Kijana fundi akatoa mpya kwenye karatasi, akazipangusa kwa kitambaa chenye petroli. "Usiziguse, Mama," akaniambia. "Hata mafuta ya kidole hayatakiwi hapa, breki huteleza." Niligeuka nikatazama barabara ili asione machozi.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari pale Karurumo. Gereji yake ilikuwa uwanja kando ya nyumba yetu, udongo mweusi kwa oili. Nikichochea moto wa kupikia githeri, mahindi na maharagwe, nilisikia nyundo yake, na nyimbo za kanisa akizipiga mluzi. Watu walitoka hata Runyenjes kumtafuta.

Jumamosi moja aliifungia Pijo, gari la mwalimu mkuu wetu, diski mpya. Alipozikaza, aliingia ndani kunywa uji kabla ya kurudisha magurudumu. Baadaye akalizungusha gari uwanjani. Breki zilishika kwa uvivu. Akasema diski mpya na pedi mpya huchukua muda kuzoeana. Mwalimu akaondoka. Kwenye mteremko wa mto alikanyaga breki, gari likazidi kwenda, mpaka likazuiwa na mibuni ya shamba la jirani. Mwalimu alivunjika mguu.

Baba alikwenda kulikagua gari, akarudi jioni. Nilipommiminia maji ya kunawa, mikono yake ilinuka mafuta ya kondoo yaliyoungua.

Nyanya, mama yake, alikuwa ameketi kando ya moto na kile kibuyu chake kidogo. Kila kitu kipya alikipaka mafuta ya kondoo na kukiombea: mtoto mchanga, jembe, mlango.

"Ngai ni mwema," akasema. "Ulipokuwa unakunywa uji niliyaona yale masahani yanang'aa, nikayapaka na kuyaombea. Bila hivyo leo tungekuwa na matanga ya mwalimu."

Baba alijipangusa mikono kwa kitambaa.

"Ni kweli, Mama," akasema. "Ni sala yako."

Mwalimu alipomuuliza kilichotokea, Baba alijibu, "Nilikosea, Mwalimu." Sokoni wakapata mzaha: "Una haraka ya kufika mtoni? Mpelekee yule gari lako." Magari yalipungua, kisha yakakoma. Baba akaenda Kiambere, bwawa lilipokuwa likijengwa, kubeba mawe kwa ile mikono. Mluzi sikuusikia tena. Mwalimu, akichechemea, aliabudu nasi kila Jumapili na hakumpa Baba mkono hata siku moja.

Nyanya alizikwa akiamini aliokoa roho ya mtu, na mchungaji alilisimulia jambo hilo kaburini. Baba alisimama akiitikia amina.

Baba alipokuwa mzee nilimuuliza kwa nini hakumwambia Nyanya ukweli. Akasema, "Ningemwambia, angesali tena vipi?"

Namshukuru Mungu kwa baba kama huyo, na bado jibu lake ni chungu mdomoni mwangu. Pale penye uwanja wetu sasa wanauza simu. Karurumo wanaomkumbuka Baba wamebaki wachache, na wanamkumbuka kwa mteremko ule.

Wewe unayesoma, Mungu akushushe salama katika kila mteremko wako, na kama kuna aliyenyamaza kwa ajili yako, ambariki kabla hujamjua.