Mashine Iliyovaa Nailoni

Chuo chetu pale Embu kilikuwa na osiloskopu moja, na katika miaka karibu mitatu niliyosomea teknolojia ya elektroniki sikuwahi kuigusa. Ni mashine yenye kioo kidogo kinachoonyesha umeme unavyopanda na kushuka. Yetu ilikaa kabatini chini ya kufuli, bado imevaa nailoni ya dukani. Wageni wakija mwalimu aliitoa, wakapiga picha nayo, akairudisha. Sisi alituchorea ubaoni, tukanakili vifungo vyake kama watoto wa nasari.

"Mwalimu, si utuwashie hata mara moja?" nilimwuliza siku moja.

"Ndio muiharibu? Hiyo mashine ni ya maana. Soma notes."

Simcheki peke yake. Kwetu Karurumo rimoti ya televisheni huvaa nailoni hadi namba hazisomeki, na makochi yamezikwa chini ya vitambaa. Sisi ni watu wa kununua kitu kisha kukiogopa.

Hapo sokoni Karurumo kulikuwa na fundi wa redio, mzee aliyeachia shule darasa la sita. Meza yake ilijaa matumbo ya redio, na katikati alikuwa na osiloskopu kuukuu, kioo kina ufa, aliyoitoa kwenye vyuma chakavu akaifufua mwenyewe. Nikija likizo aliniita, "Injinia! Kuja tupime hii kitu pamoja." Nami, shati nimechomekea, nikamjibu kwamba mimi nasomea kazi, sibahatishi. Nilikuwa mpumbavu mwenye kalamu tatu mfukoni.

Mtihani wa mwisho wa vitendo ulipofika, msimamizi kutoka nje aliamuru kabati lifunguliwe. Kila mwanafunzi apime mawimbi ya umeme, dakika ishirini. Mwalimu aliivua ile nailoni taratibu, akaikunja, akaiweka mfukoni. Zamu yangu ikafika. Jina la kila kifungo nililijua, lakini kipi kianze na kipi kifuate sikujua. Kioo kilibaki cheusi mpaka muda ukaisha, na msimamizi akaandika alichoandika bila kuniangalia usoni.

Nilifeli, na bila mtihani huo hakuna diploma. Mama alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba ana injinia. Sasa akaacha ibada ya kwanza, wanakokaa marafiki zake, akawa anahudhuria ya pili. Hilo liliniuma kuliko kufeli kwenyewe.

Nikaufyata mkia, nikaenda kwa fundi. Nilitarajia anicheke, na ningestahili.

"Shika," alisema tu, akanisogezea mashine.

"Na nikiiharibu, mzee?"

"Si tutatengeneza? Mimi niliiharibu mara ngapi!"

Nilikaa kwenye meza ile miezi mingi. Stima ilinichapa, nikaunguza vitu vyake, naye akanionyesha nilipokosea, akanirudisha kulekule nianze tena. Niliporudia mtihani, mawimbi yalitokea kiooni kabla ya dakika tano. Nikapita.

Mama akafanya sherehe ya shukrani, akaponda viazi na mahindi, mukimo wa sufuria nzima. Diploma aliipeleka mjini ikafunikwa nailoni ngumu, akaitundika sebuleni juu ya televisheni. Fundi alikuja amevaa koti la Jumapili. Aliitazama sana ile karatasi, midomo ikisoma polepole, kisha akanyoosha kidole kwenye jina langu.

"Aii, fundi, usishike!" mama akamkemea. "Hiyo mikono yako iko na mafuta."

Wageni wakacheka. Fundi akaurudisha mkono, akaupangusa kwenye suruali, ingawa nilimwona mwenyewe akiuosha kwa sabuni mlangoni.

Mkono ule ndio ulionipa ile karatasi, na katika chumba kizima ni mimi na yeye tu tuliojua. Nilikuwa na mdomo wa kulisema hilo. Nikaujaza mukimo.