Dakika Tano za Okello

Nikikumbuka siku ile bado natamani kujifunika blanketi uso mzima, lakini acheni niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa Achieng (tunalala naye kitanda cha ghorofa, yeye juu mimi chini, na chumvi huongeza bila kipimo).

Mnajua mimi ni mlinzi wa ghala huko Ras Al Khor. Nyumbani nilisoma chuo cha kati, diploma ya kompyuta, na chuo kikuu kimoja cha hapa Dubai kilipoyakubali masomo yangu, nikaingizwa moja kwa moja mwaka wa pili. Mwenye akili angeshukuru akanyamaza. Mimi nikaomba nisome na ushauri nasaha pamoja na kompyuta, fani mbili kwa mpigo, kwa sababu chumbani kwetu Muhaisnah tuko wasichana sita na haipiti wiki bila mmoja kulia akishaongea na watu wa kwao kwa simu, nami sina la kumwambia zaidi ya "pole".

"Fani mbili?" Achieng akacheka. "Wewe hata soksi mbili zinazofanana huna!"

Ombi lilihitaji sahihi ya mkuu wa kitivo, mtu ambaye hatukuwa tumeonana naye hata mara moja, akanipa miadi saa nne asubuhi, siku ya mwisho ya maombi. Nikatoka zamu nikaenda na sare yangu vilevile (gauni nimeliacha kitandani, nikijiambia nani atanitazama). Hapo ndipo nilipojiponza.

Saa tatu na nusu nafika mlangoni pa chuo, namkuta mlinzi Mganda, jina lake Okello limeandikwa kifuani, na sare zetu ni moja kwa kuwa kampuni yetu ni moja.

"Eh, sista! Ndio wewe wa kunipokea? Mungu yupo! Shika kitabu cha wageni, nakwenda haja na chai, dakika tano tu, yalla!"

Nilitaka kusema mimi ni mwanafunzi, haki ya Mungu, lakini macho yake yalikuwa mekundu na miguu ameibana, nikamhurumia. Nikakaa. Tano zikawa kumi, kumi zikawa karibu thelathini, na mlinzi haachi mlango mtupu hata nyumba ikiungua.

Mara akaja mzee wa suti, mbio mbio.

"Samahani sir, kadi yako."

"Nimeisahau nyumbani. Mimi ni mkuu hapa."

Sasa, kule ghalani mwenzangu alihamishwa kwa kumpitisha mtu aliyejiita arbab, yaani bosi mwenye mali. "Sir," nikamwambia (kwa mdomo huu huu), "kila anayesahau kadi huwa mkuu. Jaza kitabu."

Foleni ikarefuka, wanafunzi wanacheka viganja mdomoni. Mzee akajaza, nikageuza kitabu nikague. Sababu ya kuja: kumsaili Neema Wanjala, saa nne.

Nikalisoma jina langu mara tatu. Saa ukutani ilikuwa nne na dakika tano.

"Sir," sauti imebaki kama ya paka mgonjwa, "Neema ni mimi."

"Na Neema anafanya nini mlangoni kwangu?"

"Nimemshikia mtu, sir. Dakika tano."

Okello naye ndio anatokea, chai mkono huu, chapati mkono ule. "Sista, nimekuletea na we..." Akamwona mzee, akapiga saluti na kikombe mkononi, chai yote ikaingia kiatuni.

"Nilikutengea dakika kumi," mzee akasema, "umekula tano. Sema hapo hapo."

Nikasema hapo hapo, mbele ya foleni nzima, habari za wasichana wanaolia na neno moja nililo nalo. Vicheko vikakoma. Mzee akachukua fomu ya ombi niliyokuwa nayo, akaiweka juu ya kitabu cha wageni, akatia sahihi. "Muhula mmoja wa majaribio. Ukianguka somo lolote, fani moja inaondoka."

"Asante sana, sir." Akaanza kuingia, na maneno yakanitoka yenyewe: "Lakini sir, kadi bado."

"Sista!" Okello akalia. "Mwache apite!"

Mzee alicheka hadi akashika ukuta.

Siku hizi gauni liko mkobani daima, na nimeapa sishiki tena kitabu cha mtu. Juzi Okello kaniita, "Mwanachuo, dakika mbili tu!" Nikapita mbio naenda darasani, sikugeuka.

Haya, niligeuka. Lakini sikukaa.